Mti Uliobonyea

Baba alipokuja kuishi nasi Erdington, Uingereza, kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa kibla wala choo. Aliuliza ule mti wa nani.

Ulikuwa mwisho wa bustani yetu ya nyuma, ukilipita paa la nyumba, ukizipita dohani, ukiendelea kwenda zake juu kama uliosahau kusimama. Ukishuka treni unauona juu ya mapaa kabla hujaiona hata barabara yetu. Nilikuwa nimeishi nao miaka, na sikuwahi kuutazama ila kuulaani, maana majani yake membamba yaliziba mfereji wa paa kila mwaka, na mwenye nyumba wetu haji mpaka uchoke kumpigia simu.

"Mvinje huu?" baba aliuliza.

"Sijui, baba. Mti tu."

"Mti tu," akarudia, kama mtu aliyetukaniwa jamaa yake.

Baba alikulia Pemba, upande wa Wete, kwenye mikarafuu. Alianza kupanda akiwa mtoto, akachuma mpaka kichwa kikawa cheupe, na kazi ile ilimwachia bega moja lililopinda na tabia moja isiyobadilika: hapiti chini ya mti asioujua kabla hajaubonyeza. Mkarafuu una hila. Kwa nje umesimama, majani yanang'aa, na ndani umeshakwisha. Mchumaji akifika juu tawi linakatika bila hata kulia. Kaka yake mkubwa alikufa hivyo, asubuhi moja ya msimu, na baba alikuwa chini akitandika jamvi. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda, alisema bismillahi, akauwekea mti kidole gumba, akabonyeza. Gome likiwa gumu, anapanda. Likibonyea, anakusanya kamba zake anakwenda mti mwingine, na mwenye shamba akinuna na anune.

Asubuhi ya pili baada ya kufika, alikunywa chai, akavaa koti la mume wangu juu ya kanzu, akatembea mpaka mwisho wa bustani. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe, namwona kwa dirisha. Akauwekea mti mkono. Midomo ikacheza. Akabonyeza.

Kidole kikazama.

Akakitoa, akakitazama, akabonyeza mahali pengine. Akauzunguka mti wote, na shina lile lilikuwa pana kuliko mlango, akibonyeza juu na chini, na kila mahali gome lile jekundu lilimpokea kama godoro. Mwisho akakunja ngumi akaugonga. Haukutoa sauti yoyote. Aliporudi jikoni uso ulikuwa umembadilika.

"Mwanangu," alisema, "mti ule mbovu. Haujabaki kitu."

"Mbona umesimama?"

"Hata ule wa marehemu kaka yangu ulikuwa umesimama."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, afadhali niseme mapema. Simu ikilia saa isiyo yake natayarisha machozi kabla sijapokea. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha na kuwavisha wazazi wa watu wengine, na kila nikiondoka zamu narudi tena mlangoni kuhakikisha sikusahau kitu. Mume wangu ni dereva wa basi, mtu asiyeshtushwa na lolote, na husema kwamba mimi nikikosa la kuogopa naazima kwa jirani. Basi mtu kama mimi ukimwambia kwamba nyuma ya nyumba yake umesimama mti uliooza, mrefu kuliko nyumba yenyewe mara kadhaa, umempa kazi ya maisha.

Na kwa jinsi nyumba ilivyokaa, chumba kilichokuwa chini ya mti ule kilikuwa kimoja tu. Chumba cha baba.

Tulimpa cha chini, cha nyuma, kwa sababu bafu liko pale pale na ni rahisi kwake kutia udhu. Dirisha lake lilitazamana na mti uso kwa uso. Siku ile ile nikataka kumhamishia juu, chumba cha mbele, mimi na mume wangu tulale sebuleni. Alikubali kujaribu. Akapanda ngazi nusu, akasimama, mkono ukutani, akahema.

"Ngazi za nchi hii zimesimama kama ukuta," alisema, na sote tukacheka, hata yeye. Akashuka. "Mie nitabaki hapa hapa. Nikiwa karibu nao nitausikia ukianza."

Nilikuwa nimemtoa baba yangu Pemba baada ya mama kufariki. Ndugu zangu hawakutaka. Niliwaahidi kwamba kwangu atakuwa salama, atakaa kwenye joto, daktari yuko karibu, hatokuwa na haja ya kupanda hata kiti. Na sasa nilikuwa nimemlaza chini ya mti utakaomuua. Hilo ndilo lililonikaa rohoni majira yote ya baridi, nikiwa kazini, nikiwa kwenye swala, nikikuna nazi.

Mwenye nyumba alisema mti umelindwa, haukatwi hata tawi bila ruhusa ya halmashauri. Halmashauri ikasema itamtuma mtu. Lini? Atakapopatikana. Nikapiga simu tena na tena, na nilisikiliza muziki ule wa kungojea mpaka binti yetu akawa anauimba akipiga mswaki.

Binti yetu ndiye aliyetuambia mti ni mti gani. Amezaliwa hapa, anasikia Kiswahili chote, anajibu Kiingereza chote.

"It's a redwood, babu," alisema, simu mkononi. "From the coast, in California. They drink the fog. Tallest trees in the whole world."

"Asemaje?" baba aliniuliza.

"Anasema ni mti wa pwani, huko Marekani, pwani ya baridi na mvua. Unakunywa ukungu."

"Na hilo la mwisho?"

"Hakuna la mwisho." Sikutaka kumwambia kwamba hakuna mti duniani mrefu kuliko jamaa za mti huu.

Baba akafikiri. "Mti wa pwani," alisema, "ukaja kupandwa mji usiokuwa na bahari hata ya kunusa. Ndiyo maana umeoza."

Watu wa kwetu wanaokaa Sparkbrook walipopata habari kwamba mzee amefika, wakaanza kuja kumwamkia. Kila aliyekuja, akishapewa chai na vitumbua, alipelekwa mwisho wa bustani kubonyeza mti. Ikawa ndiyo ada ya nyumba. Wanaume wenye makoti mazuri walisimama pale kwenye tope wakitia vidole na kutikisa vichwa. Mmoja akashauri isomwe Yasini. Mwingine akasema utiwe chumvi shinani, na wa tatu akamwuliza kama anataka uanguke leo leo. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Wote walikuwa watoto wa visiwani, na kwetu gome likibonyea mazungumzo yamekwisha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," baba aliwaambia, akiupiga mti kofi dogo kama anayemsema mgonjwa mkaidi. "Huu unaficha."

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikipima kwa macho kutoka shinani mpaka kwenye dirisha la baba, na kila nikipima nilipata jibu lile lile.

Kisha baridi ikaingia na pepo zake. Waingereza huzipa dhoruba zao majina ya watu, kama wageni wanaotarajiwa, na mimi nikisikia jina jipya kwenye taarifa ya habari natoka kwenda kuutazama mti. Mti ule ulikuwa ukiyumba kuanzia juu. Kileleni unakwenda huku na huku, katikati unakawia, na chini, pale aliposhika baba, hautikisiki kabisa, na kutotikisika kule ndiko kulikonitisha zaidi. Nilijua ni pale utakapokatikia.

"Mti umesimama tangu babu zetu hawajazaliwa," mume wangu alisema. "Utaanguka kwa sababu wewe umehamia?"

"Siku ya kuanguka huwa moja tu," nilimjibu.

"Haya. Basi kaa uingoje."

Na kweli nilikaa nikaingoja. Nikirudi kazini nilianza kuutafuta mti kwa macho tangu kwenye treni, na nikiuona juu ya mapaa nashusha pumzi, nikijua baba yupo.

Asubuhi moja nikaingia kumpa chai, nikaona mto uko kwenye kiti cha dirishani na kitanda kimetandikwa vile vile nilivyokitandika mimi.

"Baba, umelala kwenye kiti?"

"Nikilala chali naona mti umenikalia kifuani," alisema. "Nikikaa, unaondoka."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mimi mwenyewe nilikuwa nausikia kifuani, na mimi nalala upande wa barabarani. Nikamletea mto wa pili na blanketi, nikamfunika mapaja, nikafunga pazia ili asiuone. Nilipogeuka alikuwa amelifungua tena.

Chakula kikamshinda. Nilimpikia mchuzi wa pweza, pweza niliyemfuata mpaka Stratford Road kwa mabasi mawili, akaonja, akasukuma sahani. Khofu inamla, nilimwambia mume wangu. Akaacha viatu, Ijumaa alikwenda msikitini kwa makubadhi na soksi, kwenye baridi ile, na nilipomgombeza alisema viatu vya Uingereza vinabana. Akawa anakohoa. Akawa anakatiza maneno katikati kutafuta pumzi, macho yake yako dirishani, na mimi nayafuata macho yake natazama pale anapotazama. Kila kitu niliusingizia mti.

Nikawapigia tena halmashauri. Safari hii nililia kwenye simu. Sikukusudia, ila yule kijana aliyepokea aliniuliza kwa upole kama kuna mtu yuko hatarini, na nikamwambia ndiyo, baba yangu, baba yangu yuko hatarini.

Mtu wao alikuja asubuhi tulivu isiyokuwa na upepo hata kidogo. Ukungu ulikuwa umeishika bustani yote na mti umekatika nusu, juu hauonekani. Alikuwa mwanamke mwenye kofia ngumu, nyundo ya mpira na chuma chembamba cha kudungia. Akaanza kuugonga mti pole pole, sikio karibu, akizunguka, na nilipomtazama nikamkumbuka baba alivyokuwa akigonga mikarafuu kwa mgongo wa panga.

Baba akatoka kumwona. Bustani yetu fupi, ukirusha kandambili inafika ng'ambo, lakini alisimama njiani, akaenda tena, akasimama tena, ameegemea bakora. Nilidhani anauogopa mti. Nikamshika mkono nikamwambia, "Usiogope, baba. Nipo."

"Mwambie abonyeze," alisema.

Nikamwambia. Yule mwanamke akacheka, si kwa dharau. Akakunja ngumi akaupiga mti kwa nguvu hasa, kisha akatuonyesha mkono wake haukuchubuka. Akaanza kueleza, na mimi nikawa nafasiri. Kwamba miti yote ya jinsi hii iko hivi. Kwamba gome lake ni nene na laini kama makumbi ya nazi, na ulaini ule ndio ngao yake, moto ukiupitia unaishia humo. Ndani ni mgumu. Ameugonga pote na kuudunga, na haukuoza popote. Ni mti mzima, alisema, utatuzika sote.

Baba hakuridhika. "Mwambie mie nimebonyeza kila siku, na kila siku kidole kinazama."

Yule mwanamke akasikiliza, akaweka kidole gumba pale pale baba alipozoea kuweka, akabonyeza, akakitoa. "Mwambie atazame," alisema. Tukatazama sote watatu. Kile kishimo kikajaa polepole, gome likarudi mahali pake mpaka usingejua kama limeguswa. "Kilichooza hakirudi," alisema. "Huu unarudi."

Baba akajaribu mwenyewe. Akabonyeza, akangoja, likarudi. Akabonyeza tena. Miezi yote ile alikuwa akitia kidole na kugeuka, hakuwahi kungoja. Mchumaji hangoji mbele ya mti mbovu, anachukua kamba zake anaondoka.

"Basi nimekutieni khofu bure," alisema.

"Si bure, baba. Bora tumejua."

Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Nilicheka pale kwenye tope, nikalia kidogo, nikamkumbatia mwanamke nisiyemjua na kofia yake ngumu ikanigonga paji la uso. Nikauona mti mzuri kwa mara ya kwanza, wekundu wake ule uliolowa. Baba yangu hafi. Ndivyo nilivyosema moyoni, kwa maneno hayo hayo.

Tukarudi ndani. Mlangoni mwa jikoni kubadhi lake moja likanasa kwenye tope likamvuka. Akajaribu kuinama, akashindwa, akashika fremu ya mlango. Nikapiga magoti nimvue la pili na soksi zilizolowa.

Kwetu nyumbani mtoto wa kike hamshiki baba yake miguu hivi hivi. Mama ndiye aliyekuwa akimkanda, jioni, kwa mafuta ya nazi, mlango umerudishwa. Tangu mama afariki hakuna aliyeiona miguu ya baba. Kanzu ilifika chini na soksi ziliishia ndani yake. Hata mimi nilipopiga magoti, alivuta kanzu chini.

"Acha, nitavua mwenyewe," alisema.

"Baba, utaanguka."

Akaacha. Soksi ilikuwa imebana hata imechora pete kwenye nyama. Nikaivuta. Mguu ulikuwa umejaa na unang'aa, na mimi niliujua mguu wa baba, ulikuwa mwembamba na mkavu, wa mpanda miti. Nikaweka kidole gumba kwenye muundi, nikabonyeza. Sikufikiri. Ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi nawabonyeza hivyo wazee wa watu wengine, na nikiona kitu namwita muuguzi.

Kidole kikazama. Nikakitoa, nikangoja.

Nje nilimsikia yule mwanamke akifunga mlango wa gari lake, akaliwasha, akaondoka. Nikangoja. Kishimo kilikuwa pale pale, na alama ya kidole changu ndani yake.

"Tangu lini, baba?"

Alitafuta pumzi kwanza. "Tangu pepo zianze."

"Na kifua?"

"Na kifua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Nilikwambia unanikalia." Akageuka kuutazama mti kwenye ukungu, na niliona usoni mwake kwamba hakuwa akificha kitu, hakuwahi kuficha. "Nilidhani ni mti."

Hospitalini daktari naye alibonyeza, naye akangoja. Moyo umechoka, alisema. Hausukumi damu inavyotakiwa, maji yanashuka miguuni, na mtu akilala yanapanda kifuani. Aliuliza kama mzee amekuwa akilala ameketi, na kama ngazi zinamshinda, na kama amepoteza hamu ya chakula, na viatu, vipi viatu? Nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mume wangu akanishika bega. Moyo wa namna hii hauponi, daktari alisema, unatunzwa. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema hilo hawezi kulisema.

Sasa baba anakunywa vidonge vyake, anakwenda chooni kila saa na kunung'unika, analala kitandani kwa mito mitatu. Amepunguza kukohoa. Ndugu zangu wanapiga simu kutoka Pemba na wanaongea na mimi kwa upole ambao ni bora wangenigombeza. Wageni wa Sparkbrook bado wanakuja, na bado wanapelekwa mwisho wa bustani, ila siku hizi baba anawakataza kuondoka mapema. "Ngojeni," anawaambia. "Msigeuke. Ngojeni muone." Wanasimama kwenye baridi na vidole vyao hewani mpaka gome lirudi, na yeye anafurahi kama aliyelitengeneza mwenyewe.

Upepo ukivuma mti unayumba vile vile. Siutazami. Naweka sikio kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

Na asubuhi, baada ya chai, baba ananyoosha mguu juu ya kigoda bila kuambiwa. Haoni haya tena. "Bismillahi," anasema yeye, nami nabonyeza. Naondoa kidole, na tunangoja wote wawili, tumeinama.